Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga: ulizeni kwanza, shauri ni la mahakama ipi?

Wanangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Msambweni, assalaam alaykum.

Jioni nawasikia barazani mkibishana juu ya mahakama za Marekani. Mmoja anasema jaji amemzuia Rais, mwingine anahoji jaji huyo amepata wapi ubavu wa kumzuia aliyechaguliwa na mamilioni. Sauti zinapanda, kahawa inaisha, mnaachana bila jibu. Mimi nimetumika masijala ya mahakama mpaka kustaafu, na jambo hili siwezi kulinyamazia. Kabla hamjauliza kama jaji kahukumu vyema, kuna swali linalotangulia: shauri lenyewe lilikuwa lake? Wakili mzoefu huanza na hilo hilo. Anaweka pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka, na likikubaliwa shauri linaondolewa, hata kama haki ya mdai inaonekana kwa macho.

Marekani swali hilo ni zito zaidi, kwa kuwa majimbo yako 50 na kila moja lina mahakama zake kamili, toka za chini hadi ya juu. Wizi, mauaji, talaka, mirathi na mikataba, kwa sehemu kubwa, huanzia na kumalizikia huko. Mahakama za shirikisho, yaani za serikali ya nchi nzima, zina fungu lao lililotajwa katika Ibara ya 3 ya Katiba, kama vile mashauri yanayotokana na Katiba hiyo, sheria za shirikisho na mikataba na mataifa mengine, ugomvi wa jimbo na jimbo, na yale ambayo serikali ya shirikisho yenyewe ni mdaawa, yaani upande mmoja wa shauri. Raia wa majimbo tofauti wakidaiana nao huweza kuingia, ila sheria inataka dai lizidi dola 75,000. Lililo nje ya hapo halipokelewi, hata wadaawa wote wakiridhia.

Chini kabisa kuna mahakama 94 za wilaya, ambazo msizifananishe na Mahakama ya Wilaya ya hapa kwetu, maana jaji wake huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, kwa kawaida hana kikomo cha muda na mshahara wake haupunguzwi. Juu yake ziko mahakama 13 za rufani, kisha Mahakama ya Juu yenye majaji 9 tangu mwaka 1869. Hii ya juu huchagua cha kusikiliza: maombi huja kwa maelfu kila mwaka, na kwa kawaida majaji 4 wakikubali ndipo shauri linaingia. Kwa hiyo mkisikia imekataa kusikiliza, msiseme imebariki hukumu ya chini. Imeiacha tu ilivyo.

Nguvu yao kubwa kabisa, ya kubatilisha sheria inayokiuka Katiba, haikuandikwa waziwazi ndani ya Katiba. Ilithibitishwa mwaka 1803 na Jaji Mkuu John Marshall, katika shauri la William Marbury, mtu aliyenyimwa hati yake ya uteuzi. Marshall alisema Marbury ana haki ya kupata hati hiyo. Lakini sheria iliyomruhusu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu ilikuwa inapingana na Katiba, kwa hiyo ni batili, na mahakama haiwezi kumpa amri anayoiomba. Hapo nataka mtulie, wanangu. Mahakama ilijipatia nguvu ya kuipima kazi ya Bunge katika shauri lile lile ambalo ilikiri halikuwa lake. Sijaona fundisho la kisheria linalonishinda kwa uzuri kuliko hilo.

Na nguvu hiyo haina askari. Mwaka 1954 mahakama ile ilisema ubaguzi wa rangi katika shule za umma unavunja Katiba, lakini mwaka 1957, mjini Little Rock, ilibidi Rais Eisenhower atume wanajeshi ili watoto 9 weusi waingie darasani.

Sasa yule jaji mmoja na Rais wake. Kwa miaka kadhaa majaji wa wilaya walikuwa wakitoa zuio, yaani amri ya kusimamisha jambo, linalofunika nchi nzima. Juni 2025 Mahakama ya Juu ikasema zuio lisipite kiasi cha kumpa nafuu kamili aliyefungua shauri. Anayetaka kuusifu au kuulaumu uamuzi huo, aanzie hapo, kwenye mipaka ya amri, asianze na jina la Rais.

Lakini kinachoniuma ni kwamba mnayajua ya Washington kuliko ya Wete, kule Pemba, Zanzibar, na Wete mna shangazi na binamu. Sisi si shirikisho, ila Muungano wetu una Mahakama Kuu mbili, ya Tanzania na ya Zanzibar, na juu yao Mahakama ya Rufani moja, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Mirathi ya Mwislamu aliyeishi Makorora kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ya nduguye aliyeishi Wete huenda kwa Kadhi, na shauri lililoanzia kwa Kadhi Zanzibar haliji Mahakama ya Rufani, linaishia huko huko. Nimeona ndugu wakitumia akiba yao yote kwa nauli na mawakili wakikimbilia mlango ambao haukuwa wao.

Mwaka 2000 Mahakama hiyo ya Rufani, katika kesi ya watu 18, iliamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola, yaani si nchi yenye mamlaka kamili. Serikali hizi mbili zikigombana juu ya tafsiri ya Katiba ya Muungano, iko Mahakama Maalum ya Katiba: nusu ya wajumbe huteuliwa na kila upande, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande.

Mpangilio wa mahakama hizi za Muungano umo katika Sura ya Tano ya Katiba ya Muungano, kwa Kiswahili chetu. Ninayo nakala. Atakayetaka tuisome ibara kwa ibara anikute barazani baada ya Alasiri, tuanze na ya 114.

Mzee wenu, Ngamiani, Tanga