Usiuze bati la kriketi la Kevo

Nakuru, Jumapili usiku

Rafiki yangu Baraka,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Sisi hatujambo, ni mvua tu inayotusumbua. Tumenyamaziana tangu matanga ya mzee, nisamehe. Barua yako imekaa hapa wiki nzima nikiwa safarini.

Nimeisoma mara tatu. Mwanao Kevo amerudisha jezi ya timu ya kriketi, anataka kwenda kuhubiri, na wewe humsemeshi. Mama Zawadi ameniambia hata mezani hamketi pamoja. Limeniuma sana.

Umemsahau Studd, yule Mwingereza aliyeacha kriketi akaenda kuhubiri? Wewe ndiye uliyenisimulia mechi ile dhidi ya Australia, uwanja wa Oval, London, Agosti 1882. Uingereza walihitaji mikimbio 85 tu, yaani pointi, washinde. Spofforth, mrushaji wa Australia, akawapukutisha, wiketi 14 mechi nzima, yaani aliwatoa wapigaji mara 14! Charles Studd alikuwa na miaka 21, na msimu uleule alishawapiga Waaustralia haohao mikimbio zaidi ya mia mara mbili. Lakini nahodha akamrudisha nyuma hadi nafasi ya kumi ya kupiga. Akaingia, akasimama upande wa pili, mwenzake Peate, mpigaji wa mwisho, akaangushiwa wiketi yake, yaani akatolewa, wakashindwa kwa mikimbio 7. Studd hakurushiwa hata mpira mmoja. Kila nikikumbuka kijana yule amesimama na bati lake mkononi, moyo unanishika.

Timu ya Middlesex walikuwa naye kuanzia 1879 hadi 1884, basi. Nduguye George aliugua karibu afe, na Charles akajiuliza sifa za uwanjani zingemfaa nini pale kitandani. Februari 1885 alikuwa melini kwenda China na wenzake sita. Urithi wake akaugawa. Mwishoni akaja huku kwetu Afrika, akaingia Kongo 1913, akatafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha kule, akafia Ibambi mwaka 1931.

Sisifu kila alichofanya. Mkewe Priscilla alibaki Uingereza miaka mingi akiwa mgonjwa, na Kongo alifika mara moja tu, 1928. Hilo nitamwambia Kevo mwenyewe, maana na yeye ana mchumba. Lakini kumnunia kwa sababu ya kriketi, hapana Baraka. Najua ulivyoamka alfajiri miaka yote ile kumpeleka mazoezini. Najua. Nilikuwepo siku alipopiga hamsini yake ya kwanza, ulilia. Kijana hajakutupa wewe, ameacha mchezo. Na Studd naye, tangu ile Agosti... basi, tutaongea.

Je, umemuuliza ni nini kilichomgusa, au ulianza kwa kufoka? Anaondoka lini? Ada atalipa nani? Mama yake anasemaje? Nikija Jumamosi mtakuwepo wote wawili? Na lile bati tulilomchangia, bado liko nyuma ya mlango? Nasikia unatafuta mnunuzi. Tafadhali, usiliuze kabla sijafika.

Wako,
Musa