Risala ya Kikundi cha Kuweka na Kukopa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Mzunguko

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya ya Kongwa, Mheshimiwa Diwani, Afisa Maendeleo ya Jamii, Bwana Shamba wa Kata, Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, viongozi wetu wa dini, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, mbukwenyi!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa kikundi kidogo kama hiki.

Tuko wanachama 28, wanawake 24 na wanaume 4. Wanaume hao walianza kwa kuwasindikiza wake zao, na sasa mmoja wao ndiye mhesabu fedha wetu, tena mkali. Tumesajiliwa daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Tunakutana kila Jumatano, tunanunua hisa, tunakopeshana, tunachangia mfuko wa jamii. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa nyumba tatu tofauti.

Mheshimiwa mgeni rasmi, vikundi vingi huvunja mzunguko, yaani kugawana akiba ya mwaka, Desemba, sikukuu zikiwa mlangoni. Sisi tunavunja Juni. Tunaomba utuvumilie tukueleze kwa nini, maana hapo ndipo ilipo kazi yetu yote.

Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja tu, na mahindi yanaingia nyumbani Mei na Juni. Miezi hiyohiyo ndiyo madeni yanapoiva: deni la trekta, deni la dukani, mchango wa msiba uliochelewa, na mwenye mtoto anayekwenda kidato cha tano Julai anatakiwa godoro, sare na nauli. Pesa hana, mahindi anayo. Dalali naye yuko barabarani na magunia yake. Analipa bei ya gunia, lakini anashindilia na kushonea juu mpaka linakuwa lumbesa. Mama aliyevuna magunia kumi anatoa matano kwa bei ya chini kuliko zote za mwaka. Ikifika Januari anafunga kanga kiunoni, anakwenda kununua debe, na bei ya Januari huwa haina huruma. Soko la mazao la Kibaigwa liko ndani ya wilaya yetu hii hii, kwa hiyo inawezekana kabisa anayanunua mahindi ya shamba lake mwenyewe.

Tulikaa tukapiga hesabu. Nyumba ya watu sita inayokula ugali mchana na usiku, debe moja ni la wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo madebe 52. Gunia ni madebe sita. Basi ni magunia manane na madebe manne kabla hujampa kuku punje wala hujapokea mgeni. Aliyevuna kumi, ziada yake ni gunia moja na ushei. Aliyeuza matano ameuza chakula cha wanawe, ingawa wakati anauza aliona ni biashara. Hesabu hii ndogo ilitushangaza wengi, hata sisi tuliozaliwa tukilima.

Ndiyo maana mgao wetu tumeuweka Juni. Pesa ya hisa inalipa trekta, inalipa duka, inampeleka mtoto shule, na mahindi yanabaki ndani. Mwenye ziada anaitoa Januari au Februari, wakati dalali ndiye anayebembeleza. Na kabla ya kupokea mgao, kila mwanachama husimama akasema mbele ya wenzake ana magunia mangapi ndani na nyumbani kuna midomo mingapi. Mwanzo kanuni hii ilileta maneno. Wapo waliosema kuhesabiwa magunia ni kudhalilishana, na waume kadhaa walikuja juu. Tulishikilia, kwa sababu aibu ya kuhesabiwa Juni inavumilika kuliko ya kugonga mlango wa jirani na bakuli mwezi wa pili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kubakiza mahindi ni jambo moja, kuyakuta salama ni jingine. Adui yetu ni dumuzi, ambaye wakulima wamempa jina la Scania kwa jinsi anavyobeba mzigo. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu; aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa nchi nzima. Bibi zetu waliweka nafaka kwenye vilindo na vihenge, wakachanganya na majivu, ikakaa. Kwa dumuzi majivu peke yake hayatoshi. Unafungua kihenge Oktoba unakuta unga ambao hakuna aliyeusaga.

Sasa tunatumia mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kunde kule Kamerun, na imetufaa kwenye mahindi. Haina dawa. Wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanakufa wenyewe. Lakini mfuko huu hausamehe uzembe. Unajaza kidogo kidogo huku ukishindilia ili hewa itoke, unaacha shingo ndefu, unaisokota nailoni ya kwanza, unaikunja, unaifunga kwa kamba ya mpira, halafu ya pili vilevile, halafu kiroba. Kipande cha gunzi kikibaki ndani kinatoboa. Panya akitoboa, kazi imekwisha. Na ukiwa na tabia ya kufungua kila siku kuchota kibaba, afadhali ungebaki na kiroba cha kawaida. Kwa hiyo kila nyumba ina mfuko mmoja wa kula na mingine haiguswi mpaka zamu yake.

Kabla ya kufunga, lazima mahindi yawe yamekauka, na jambo hili tunalifanya kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unatia mahindi mpaka theluthi, unatia chumvi kavu vijiko vichache, unafunga, unatikisa kama dakika tatu, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi turubaini. Isipoganda, sisi bado tunaanika siku nyingine, maana chumvi inakuambia tu kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na mfuko unataka asilimia 13.5. Wanachama wengine wanacheka wakisema mwenyekiti anaonja mahindi kama mchuzi. Wacheke tu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali ukaiva. Inaanzia kwenye ukungu, na ukungu unaanzia kwenye unyevu. Ndiyo maana pia hatuaniki tena chini kwenye udongo.

Wazee wa Kigogo wanaikumbuka kwa simulizi njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Wengi wetu tulikua tukidhani ilikuwa ukame peke yake. Ukame ulikuwepo, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikwishapita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana ilizikuta nyumba tupu. Somo hilo tuliliona tena mwaka 2022: bei ya mafuta ya kula na ya petroli ilipopaa, Serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya petroli ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na tunashukuru, nauli zingekuwa mbaya zaidi. Lakini tuliona wazi kwamba mwenye chakula ndani alipandishiwa nauli tu, na asiyekuwa nacho alipandishiwa kila kitu.

Mambo mengine tunayataja kwa kifupi. Mboga tunakausha: majani ya kunde na mlenda ya Februari yanaliwa Septemba. Mtama tumeurudisha, angalau ekari moja kwa kila nyumba, kwa sababu unastahimili pale mahindi yanapokauka yakiwa yanatoa mbelewele. Tatizo ni ndege, na watoto wanaosema ugali wa mtama ni wa maskini. Kwa ndege tunalinda zamu. Kwa watoto tunachanganya na mahindi, hawajagundua bado, naomba wasisimuliwe. Majiko banifu tumejenga wenyewe kwa udongo, wakati tukisubiri gesi iwe ya bei tunayoimudu, tukijua mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Maji ndiyo bado. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita za mraba 30, mwaka wa milimita 500, inaangushiwa lita 15,000, na karibu zote zinakwenda kuchimba korongo nyuma ya nyumba. Wenye simtanki kikundini ni wachache sana. Wengine tunakinga kwa ndoo na diaba, tunazidiwa.

Mheshimiwa, kuhusu miradi tuseme wazi. Kila semina tunayoitwa tunafundishwa kutengeneza sabuni ya maji. Tumeshahitimu. Sabuni tunaitengeneza ya kutumia nyumbani, inatupunguzia gharama, lakini kijiji kizima kikitengeneza sabuni hakuna wa kumuuzia. Tungependa semina ijayo itufundishe kufunga mifereji ya bati na kujenga tangi la saruji.

Jambo linalotuumiza kuliko yote ni mikopo ya kausha damu. Inakuja kwa pikipiki mpaka mlangoni, inatolewa kwa dakika, na rejesho lake ni la kila wiki. Anayekopa huko akishikwa, kitu cha kwanza kuuzwa ni mahindi, cha pili kuku, cha tatu bati. Mfuko wetu wa jamii umesaidia wanachama kwenye ugonjwa na misiba bila riba ili wasifike huko. Majirani wasio na kikundi hawana pa kukimbilia, na kila wiki tunaona kinachowapata.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi. Kubwa ni kipima unyevu kimoja kikae ofisi ya kijiji chini ya Bwana Shamba, kwa sababu chumvi ina mwisho wake. Tunaomba wenye maduka ya pembejeo wahimizwe kuleta mifuko ya PICS kabla ya Mei. Huwa inafika Agosti, dumuzi akiwa ameshakula. Tunaomba mizani isimamiwe barabarani, si Kibaigwa peke yake, maana lumbesa inafungwa huku huku shambani. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani asilimia nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na tulifurahi iliporudi. Ombi letu ni muda tu: ikitoka Mei inaokoa mahindi. Ikitoka Novemba inanunua mahindi.

Na wale wa pikipiki, tunaomba ofisi yako iwaulize leseni.

Gunia lililo pembeni ya meza kuu lilifungwa Julai mwaka jana mbele ya wanachama wote, na halijaguswa. Tunaomba ulifungue wewe mwenyewe kabla hujaanza kugawa hisa, utie mkono mpaka chini, kisha Bwana Shamba achukue sampuli akapime. Chakula cha mchana kitatokana na hilo hilo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.