Nyumba ya Mama Salha

Tours, Ufaransa, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi, na usininunie. Kimya changu tangu Idi hakina udhuru, ila ujumbe wako, kwamba Mama Salha anatolewa kwenye nyumba aliyoacha marehemu mumewe, umenigutua. Niliusoma kwenye treni, tunakwenda Chenonceau na mdogo wangu kutazama kasri. Basi kutwa nzima macho yako kwenye kasri, roho iko huko Tanga, Ngamiani.

Hebu sikiliza. Mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa na mke, Catherine de Médicis, na hawara, Diane de Poitiers, aliyemzidi mfalme kama miaka 20. (Na sisi tulivyomsema Tatu!) Mwaka 1547 kasri akapewa nani? Hawara. Akapanda bustani, akajenga daraja kuvuka mto Cher. Mke kimya. Mwaka 1559 mfalme akachomwa jicho kwenye mchezo wa mikuki, akafa. Weee! Catherine akamtoa mwenzake, akambadilishia kwa kasri la Chaumont. Kisha juu ya daraja lile lile akajenga ukumbi wa mita 60. Nimeutembea mwanzo mwisho, vigae vyeusi na vyeupe, mto unapita chini. Na chumbani kwa Diane, picha iliyotundikwa juu ya meko ni ya Catherine! Nilicheka mpaka mlinzi akanigeukia.

Jikoni ungepapenda. Pamo ndani ya nguzo za daraja, masufuria ya shaba yananing'inia, na vyakula vilikuwa vinaletwa kwa mashua. Viatu nilivyoazima vimenitoa malengelenge, lakini hayo tuyaache.

Kinachonikera, Rukia: Diane alipewa Chaumont, na Chaumont nayo ni kasri. Mama Salha, mke wa ndoa na cheti anacho, aliyejenga jiko lile na ukuta kwa pesa zake za maandazi, anaambiwa achukue chumba cha uani? Mzee hata arubaini haijafika! Mimi nilimwambia zamani... basi tu.

Sasa nijibu. Hati ina jina la nani? Mirathi imefunguliwa mahakamani au bado wanabishana sebuleni? Risiti za saruji amezitunza? Bi mkubwa, yule mke mwenzie, mwenyewe anasemaje, au ni wale wanawe? Kaka yake Mama Salha wa Pangani amekuja? Na friji langu ulilompa shemeji, bado linagandisha?

Wako,
Mwanaidi