Mwanangu, kabla hujapanda ndege ya Dakar

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia tiketi imeshapatikana. Sikuzuii. Nakuuliza lile lile nililokuuliza kwenye simu ukalijibu kwa kucheka: ukikamatwa huko, nani atakuulizia?

Kila siku Fou Malade, Fou Malade, yule rapa wa Senegal, kana kwamba mimi simjui. Malal Talla wa Guédiawaye, wa kundi la Bat'haillons Blin-D, aliyejiunga na akina Thiat na Kilifeu wa kundi la rap la Keur Gui katika Y'en a marre, ile harakati iliyoanza Januari 2011 watu walipochoshwa na umeme kukatika. Mambo ya umeme sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa. Nawaheshimu kwa sababu hawakuishia kuimba. Walipita mitaani wakiwahimiza vijana wachukue kadi za kura, na Machi 2012 Rais Wade, aliyeng'ang'ania muhula wa tatu, akaangushwa kwa kura. Ningekuwa na umri wako ningewafuata.

Ila kumbuka huyo Fou Malade wako alipokuja kwetu Kongo. Machi 2015, Kinshasa, harakati ya vijana ya Filimbi inazinduliwa: wakakamatwa yeye na wenzake wa Y'en a marre, Fadel Barro na Aliou Sané, pamoja na vijana wetu. Wiki haikuisha Wasenegali wakafukuzwa, wakarudi kwao. Vijana wetu Fred Bauma, wa harakati ya Lucha, na Yves Makwambala walikaa gerezani mpaka Agosti 2016. Mkutano ulikuwa ule ule. Mgeni alikuwa na nchi ya kumuulizia. Sasa mgeni utakuwa wewe, na nchi ya kukuulizia ni hii hii yetu. Wamama wa wale waliobaki gerezani nawafikiria mpaka leo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nenda ubalozi wetu ukajiandikishe. Usiniambie baadaye. Nitumie na namba ya mtu mzima mwenye nyumba na familia huko, si ya rafiki wa studio anayezima simu mchana kutwa. Nakala ya paspoti mwachie dada yako.

Wimbo wako wa wachimbaji niliusikia kwenye taksi ya mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi. Dereva aliurudia, na abiria mmoja mwenye vumbi la mgodi hadi kwenye nyusi akawa anaufuatisha neno kwa neno. Sikumwambia mtu kwamba ni wa mwanangu, lakini nilipitiliza kituo. Matusi ya ubeti wa pili yatoe. Yule mchimbaji aliponyamaza ni pale pale. Na chuo uliacha ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Hilo halijaniisha moyoni, usidhani wimbo umelifuta.

Huko jifunze Kiwolof kwanza, ndiyo lugha wanayorapia. Salimia wazee kabla ya kuomba chochote. Mambo ya viongozi wao wa dini usiyaguse kwenye kipaza sauti, hata wenyeji wakikuchochea. Wao wana wa kuwaulizia.

Hapa makala ya kupikia yamepanda bei tena, tunapikia kuni siku nyingine. Mpangaji wa nyuma hajalipa, anasema anamsubiri mdogo wake. Bati la chumba chako linavuja upande wa kitanda, kwa hiyo spika zako nimezihamishia sebuleni na kuzifunika kitenge. Ukipata pesa mtumie dada yako. Baba yako atazimalizia kwenye matofali ya ule ukuta.

La ubalozi nijibu leo.

Mama yako