Pamba ya boksi la sabufa ipimwe kwa mizani

Mhariri,

Ushauri wa kulishindilia boksi la sabufa pamba mpaka lishibe, eti ndipo besi ipande, umezoeleka mno kwenye muziki wa magari, na unaharibu spika za watu. Naomba nafasi niseme pamba hiyo inafanya nini hasa, na inakomea wapi.

Nyuzi za pamba hiyo hazina besi ya kuongeza. Zinalifanya boksi dogo lililozibwa lijione kubwa kidogo, basi. Koni ya spika inapoingia ndani, hewa hubanwa na kupata joto, na joto hilo huzidisha msukumo wa hewa dhidi ya koni, kama springi ngumu. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika hulinyonya joto hilo, kisha hulirudisha hewa inapotanuka. Springi inalegea. Kinadharia ujazo unaweza kuonekana umeongezeka kwa asilimia 40; kwenye boksi halisi tarajia 10 hadi 25.

Tuchukue sabufa yenye Fs (masafa inayopenda kutetemeka nayo ikiwa nje ya boksi) ya Hz 30, Qts (kipimo cha mvumo wake ikiwa nje ya boksi) 0.5 na Vas (ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na springi ya spika yenyewe) ya lita 40. Ndani ya boksi tupu la lita 25, Fc, yaani masafa hayo spika ikiwa ndani ya boksi, inakaa Hz 48, na Qtc, kipimo cha mvumo ndani ya boksi (ikipanda, besi huvuma zaidi), ni 0.81. Nyuzi zikilifanya boksi liwe kama la lita 30, Fc inashuka hadi Hz 46 na Qtc hadi 0.76. Sikio litasikia mvumo umepungua na mapigo ya ngoma yanakatika mapema. Ni faida, lakini ndogo. Sabufa hiyohiyo ukiifungia kwenye lita 12, Qtc inafika 1.04, na hata nyuzi zikikupa nyongeza ya asilimia 20 utabaki na 0.97. Hapo dawa ni mbao na msumeno, yaani boksi kubwa zaidi.

Kiasi kinachofaa ni gramu 8 hadi 16 kwa kila lita ya ujazo halisi, yaani baada ya kutoa nafasi inayoliwa na sumaku na mihimili ya ndani. Boksi la lita 25 linataka gramu 200 hadi 400. Tumia nyuzi za polista, zile za kujazia mito, na uzichambue kwa vidole mpaka zivimbe, kisha uzitandaze boksi zima. Donge lililotupwa kwenye kona halisaidii kitu. Sufi ya mti hutoa vumbi, hunyonya unyevu na kujikusanya chini. Sufu ya kondoo inafaa, ila nondo nao wanaipenda. Pamba ya kioo iacheni: chembe zake huwasha ngozi na zinaweza kuingia kwenye pengo la koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni.

Ukizidisha, mambo yanageuka. Nyuzi zilizobanwa hula nafasi ya hewa, springi inakuwa ngumu upya na Fc inapanda. Sikio peke yake hudanganyika hapa, kwa hiyo pima. Unganisha resista ya omu 100 mfululizo na spika, cheza toni kwa sauti ndogo kutoka Hz 20 hadi 80, na multimita iliyowekwa volti za AC isome kwenye ncha mbili za spika. Masafa yanayotoa volti nyingi kuliko yote ndiyo Fc yako. Anza na gramu 200, ongeza 50 kila mara, funga skrubu zote, upime tena. Fc ikikataa kushuka, toa zile 50 za mwisho.

Kabla ya yote hayo, boksi lisivuje. Cheza toni ya Hz 30 na upitishe kiganja kwenye maungio, kwenye gasketi ya spika na hasa kwenye kikombe cha waya (kile cha kuunganishia nyaya kutoka nje), ambako uvujaji hujificha. Ukisikia kama nyoka anapuliza, ziba kwa silikoni na uiache ikauke siku nzima kabla ya kurudisha spika. Boksi linalovuja halistahili pamba hata gramu moja.

Sabufa nyingi zina tundu nyuma ya sumaku la kupoza koili. Nyuzi zikilifunika, koili hupika. Zikivutwa ndani, utasikia mkwaruzo, na hapo spika ni ya kufunguliwa. Acha nafasi ya sentimita 5 nyuma ya sumaku, na uzuie nyuzi kwa wavu au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Kumbuka pia kwamba springi ikilegea koni husafiri mbali zaidi kwa nguvu ileile ya amplifaya. Sabufa iliyokuwa tayari ukingoni itaanza kugonga, kwa hiyo punguza geini (ukuzaji) ya amplifaya baada ya kujaza.

Sponji yenye vijinundu kama trei ya mayai, inayobandikwa kutani, ni pambo tu kwa sabufa. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7. Sponji ya sentimita 3 haliioni. Na boksi lenye bomba la hewa lisijazwe kabisa, maana nyuzi huua mwendo wa hewa ya bomba, na bomba ndilo lililotengeneza besi yake.

Fundi wa muziki wa magari