Saratani ikifika kwenye ubongo, tuelezwe mionzi ni ya namna gani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo familia yetu ya hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ililijua kwa kuchelewa. Dada yangu mkubwa alitibiwa saratani ya titi akapata nafuu, kisha mwaka wa tatu akaanza kuumwa kichwa kila alfajiri, akitapika, na mkono wa kushoto ukalegea. Tulimpa dawa za malaria, na wapo waliosema ni majini. Picha ilipopigwa ikaonekana kwamba saratani imesambaa hadi kwenye ubongo, tukaambiwa neno moja tu: mionzi. Hatukuelezwa ni mionzi ya namna gani, wala sisi hatukujua kwamba hilo ni la kuuliza.

Njia ya zamani, ambayo ndiyo aliyopewa, ni kupiga mionzi ubongo mzima, mara nyingi kwa vikao 10 katika wiki mbili, au vikao 5 katika wiki moja. Hufikia hata mbegu za saratani ambazo picha haikuziona, kwa hiyo huwafaa wenye vivimbe vingi. Lakini huleta uchovu, hunyonyoa nywele, na kwa wanaoishi miezi mingi huweza kupunguza kumbukumbu. Njia nyingine ni mionzi ya kulenga, ambapo miale mingi myembamba hukutanishwa juu ya uvimbe wenyewe kwa kikao kimoja au vichache, na sehemu kubwa ya ubongo ikaepushwa. Wazo hili si geni, maana mashine ya kwanza ya aina hiyo, iliyobuniwa na daktari wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell, ilianza kutumika Uswidi mwaka 1968. Huwafaa zaidi wenye vivimbe vichache na vidogo, na huhitaji picha safi ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.

Ipo pia hali ambayo mionzi haiongezi kitu kikubwa, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 538 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa kwenye ubongo, ambao hawakufaa kupasuliwa wala kupigwa mionzi ya kulenga. Wote walipewa uangalizi na deksamethasoni, dawa ya kupunguza kufura kwa ubongo. Nusu yao wakaongezewa mionzi ya ubongo mzima kwa vikao 5. Muda wa kuishi ulikaribiana, wiki 9 hivi kwa waliopata mionzi na wiki 8 na nusu kwa wasioipata. Matokeo hayo ni ya saratani ya mapafu, na si haki kumpimia kila mgonjwa kwa kipimo hicho, kwani wa titi wengi huishi zaidi. Hata hivyo, kwa mtu anayesafiri karibu kilomita 500 kwenda Kampala, akalipie chumba na chakula chake na cha muuguzaji wake, kujua kama ni kikao kimoja, wiki moja, wiki mbili au kubaki nyumbani na dawa si jambo dogo.

Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale hospitali ya Mulago, Kampala, hadi mpya ikazinduliwa Januari 2018. Wakati huo swali lilikuwa kama mashine ipo. Sasa nchi ina mashine za kisasa zaidi, na kwa hiyo ni haki mgonjwa, kabla ya kutia sahihi, aambiwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kilugbara, vivimbe vyake ni vingapi, kama upasuaji unawezekana, na nini kitatokea akikataa mionzi.

Dada yangu alimaliza wiki zake mbili, mkono ukapata nguvu kiasi, akaishi miezi minane. Simlaumu daktari, na huenda hata tungeelezwa yote tungechagua njia ileile. Nakuomba, Mhariri, gazeti lako limtafute mtaalamu wa mionzi awaeleze wasomaji njia hizi kwa kirefu, hasa sisi wa wilaya za mbali ambao hufika Kampala ng'ombe wakiwa wamekwisha kuuzwa.

Msomaji wako,
Arua