Barua kwa mwanangu: neno «meed» na ukoo wake

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Kwenye simu uliniambia umekuta neno «meed» katika shairi la Kiingereza, ukadhani mpiga chapa amekosea, ukasoma «need» na maana ikagoma. Hakukosea. Ni neno la kale lenye maana ya ujira au thawabu, kile anachopewa mtu kwa sababu amekistahili. Leo limebaki kwa washairi tu, lakini zamani lilikuwa neno la kila mtu. Katika miaka yote niliyofundisha Kiingereza, ni maneno machache niliyoyapenda kama hili, kwa hiyo nivumilie.

Waingereza wa kabla ya 1066 waliandika «mēd», na walikuwa pia na umbo kongwe zaidi, «meord». Hiyo r itazame vizuri. Katika Biblia ya Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu wa Kiingereza na Kijerumani, iliyotafsiriwa na askofu Wulfila karne ya 4, neno ni «mizdo». Kigiriki ni «misthos», Kiajemi «muzd», Kirusi «mzda». Ni ukoo mmoja, tena wa zamani sana, kabla watu hao hawajatawanyika. Sauti ya z iliyo katika Kigothi ndiyo iliyogeuka r katika «meord», na katika lile umbo jingine ikapotea kabisa, irabu ikarefuka kuziba pengo. Ndiyo maana hadi leo tunaivuta: miiid. Hata Wajerumani wanalo, «Miete», ila kwao sasa ni kodi ya nyumba.

Chukua Biblia yako ya Kiswahili. Mathayo 5:46 utakuta «thawabu». Mathayo 20, kwenye habari ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, utakuta «ujira». Kwa Kigiriki ni «misthos» kotekote. Na fedha alizonunulia Yuda shamba, katika Matendo 1:18, nazo ni «misthos». Kibarua, mtakatifu na msaliti wanapokea kitu chenye jina moja! Hilo ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu tangu hapo neno hili halikutulia. Kwa Warusi wa leo, ukisema «mzda» mtu anafikiria rushwa. Wala usiwashangae. Hongo ya kwetu, karne ya 19, ilikuwa ushuru ambao misafara ya kutoka pwani iliwalipa watemi, Ugogo kwa mfano, ili ipite na kupata maji. Ilitolewa mchana kweupe, na watu waliijadili siku nyingi kabla ya kukubaliana. Leo ni kitu cha kupenyezwa chini ya meza.

Aliyeliona jambo hili kwa undani kuliko wote ni William Langland, katika «Piers Plowman», utenzi alioutunga kati ya miaka ya 1360 na 1380 hivi. Usisahau ulikuwa wakati gani. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imeua watu wengi mno Uingereza, vibarua wakawa adimu, wakadai malipo zaidi, na sheria ya 1351 ikaamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni. Nchi nzima ilikuwa inagombana juu ya nani anastahili nini. Langland akalifanya neno lenyewe kuwa mwanamke: Bibi Meed, aliyevaa nguo nyekundu za fahari na pete vidoleni, kila mtu mahakamani anamkimbilia. Mtawa anayemwungamisha anamwambia bila haya kwamba akigharimia vioo vya dirisha la kanisa, jina lake litachorwa humo na mbinguni ataingia.

Mfalme anataka kumwoza kwa Dhamiri. Dhamiri anakataa katakata, halafu anasema jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: kile anachopokea kibarua kutoka kwa bwana wake si «meed» kabisa, ni ujira wenye kipimo. Ubaya wa Bibi huyu ni kwamba hana kipimo. Kazi unaweza kuipima. Lakini anayekupa kwa ajili ya upendeleo, utajuaje amekupa kiasi gani, na atarudi kudai nini?

Ukipata utenzi huo hapo chuoni, nenda sehemu ya nne. Anakuja mtu aitwaye Amani kumshtaki Dhulma kwa mfalme. Dhulma amemchukulia mke, amebeba mabata bukini na watoto wa nguruwe, ameazima farasi asimrudishe, amevunja mlango wa ghala na kuzoa ngano. Kesi iko wazi. Bibi Meed anamsogelea Amani, anampa zawadi ya dhahabu tupu, anamwambia hii ni fidia, Dhulma hatarudia. Na Amani, yule yule aliyeibiwa, anageuka kumwombea Dhulma msamaha! Nimesomesha kipande hicho mara nyingi na bado kinaniuma roho, maana Amani si mtu mbaya. Amepoteza mali, na dhahabu iko mbele yake. Anayekataa ni Busara, na mfalme anamsikiliza.

Niandikie ukishakisoma, uniambie Amani umemwonaje.

Mama yako